Kinini ya Chai: Ile Nguvu Inatoka Wapi?



Wakati wa mitihani unakaribia, na taa za internati zinaanza kukawia kuzimika. Katika wakati kama huu kila mtu anatafuta namna yake ya kufukuza usingizi. Wengine wanatia miguu ndani ya beseni ya maji baridi, wengine wanatafuna mbegu za kawa, wengine wanakunywa chai nyeusi kama wino. Na sasa kumefika kitu kingine: kinini zinazotoka ku majani ya chai. Wengi wameniuliza juu yake, sababu wanajua ya kwamba mimi nilikuwa nazo. Nitawaelezea yote, lakini itanipasa kuanza na jambo ambalo si heshima kwangu.

Mwaka wa masomo uliopita nilinunua ku soko kopo moja la jeluli, ile namna ya kinini yenye unga ndani. Bei yake ingetosha kununua maharagi ya juma nzima kwa nyumba yetu. Juu ya kopo waliandika kwa Kifaransa: ya asili, ya jani la chai, nguvu na akili wazi. Nilimeza moja kila jioni, na kweli usingizi ulikimbia. Nikajiona mjanja, nikaanza kuwagawia wengine.

Usiku mmoja, mdogo mmoja wa darasa la tatu akanigusa bega. Alikuwa anatetemeka.

– Yaya, moyo yangu inakimbia mbio. Siwezi kulala, siwezi hata kuikaa.
– Ulikula nini?
– Zile jeluli mbili ulinipatia. Kiisha nikakunywa kawa ya nguvu. Lakini, yaya, si ulisema iko ya asili?

Tulimwamsha mlinzi wa internati, tukampeleka mtoto kwa waganga usiku ule ule. Kufika asubuhi mapigo ya moyo yalikuwa yametulia, akapona. Lakini lile swali lake lilibaki ndani ya masikio yangu. Mwalimu wetu wa biolojia hakunigombeza sana. Aliniambia tu: «Kamata kopo lako, usome kila neno lililoandikwa pale, kiisha uniletee maana yake.» Kazi ile ilinichukua majuma mengi. Hii ndiyo matokeo yake, neno kwa neno.

1. Neno la kwanza: «théine, miligrama 200»

Mimi niliwaza ya kwamba teini ni kitu cha chai, na kafeini ni kitu cha kawa, vitu viwili mbalimbali. Ndivyo wengi wanavyosema hata leo. Sivyo.

Mwaka 1819 mtu wa kemia wa Ujerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alitoa kafeini ndani ya mbegu za kawa. Mbegu zile alipewa na Goethe, yule mwandishi mkubwa wa Kijerumani. Mwaka 1827 wengine wakatoa kitu kama kile ndani ya majani ya chai, wakakiita teini. Lakini mwaka 1838 watu wa kemia walipima wakaona ya kwamba ni kitu kimoja. Molekuli ni ile ile, atomu ni zile zile. Majina mawili, mtu mmoja. Kwa hiyo, anayekunywa kawa na kumeza «théine» juu yake anaongeza kafeini juu ya kafeini.

Jani la chai linafanya kafeini kwa faida yake lenyewe, sababu iko chungu na inafukuza wadudu. Katika jani kavu, kafeini ni gramu 2 mpaka 4 hivi kwa kila gramu mia. Kikombe cha chai kinakuwa kwa kawaida na miligrama 30 mpaka 50. Kikombe cha kawa kinaweza kufika 80 mpaka 100, na zaidi kama ni ya nguvu. Sasa tazama: jeluli moja ilikuwa na 200. Ni kama vikombe vinne au zaidi vya chai, vimefungwa ndani ya kitu kidogo kama mbegu ya haragi.

Je, kafeini inafanya kazi namna gani? Wakati tuko macho, ubongo unafanya kazi, na kitu kinachoitwa adenosini kinazidi kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka jioni. Adenosini iko na viti vyake ndani ya ubongo. Kila inapokaa ku kiti, inapeleka habari: «Tumechoka, tulale.» Kafeini inafanana na adenosini kwa umbo. Inakuja, inaikaa ku kile kiti, lakini haisemi kitu. Adenosini inafika, inakuta kiti kimekamatwa, inabaki imesimama kule nje. Habari ya uchovu haipiti.

Muangalie vizuri, wandugu: uchovu haukuondoka. Mjumbe wake ndiye amefungiwa mlango. Siku kafeini inapotoka ku kiti, wajumbe wote waliosimama nje wanaingia pamoja. Ndiyo maana mtu anaanguka kama gunia mu saa ya tatu ya mtihani.

Na kafeini haitoki mbio. Kwa watu wengi nusu yake inabaki ndani ya damu kiisha masaa tano hivi. Tufanye hesabu. Umemeza miligrama 200 saa mbili ya usiku. Saa saba ya usiku unabaki na 100. Saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati kengele inalia, ungali na 50, sawa na kikombe kizima cha chai. Hata kama umelala pale katikati, ulilala na mgeni ndani ya chumba.

Tena kuna jambo la mazoea. Mtu anayeimeza kila siku, ubongo wake unaongeza viti. Ile jeluli moja haitoshi tena, anataka mbili. Akiacha, kiisha siku moja kichwa kinamuuma, anakuwa mkali na mzito, na hiyo inaweza kudumu siku mbili mpaka siku tisa. Mimi nilipoacha, kichwa kiliniuma siku nne.

2. Neno la pili: «théanine, miligrama 100»

Jina hili linakaribia lile la kwanza, lakini ni kitu kingine kabisa. Teanini ni asidi amino, iko ndani ya majani ya chai, na haiko mingi ku mimea mingine. Wajapani waliitoa ndani ya chai ya kijani mwaka 1949. Inasemekana inatuliza mtu bila kumlaza. Wenye kufanya jeluli wanaiweka pamoja na kafeini kusudi moja iamshe na ingine ituliza mikono.

Je, ni uongo? Hapana, hatuwezi kusema hivyo. Kuna majaribio. Mwaka 2010 watafiti walichapisha jaribio la vijana 44, ambalo ndani yake walipewa miligrama 97 za teanini na miligrama 40 za kafeini. Walifanya makosa machache zaidi katika zoezi la kubadilisha kazi moja na ingine mbio, na walijisikia macho zaidi. Lakini muangalie mambo mawili. La kwanza, kafeini ilikuwa 40 tu, sawa na kikombe kimoja cha chai, si 200. La pili, lilikuwa zoezi la muda mfupi, si mtihani wa kemia. Hakuna mtu aliyepimwa pale kama anajua vizuri kusawazisha ekwasyo.

Mwaka 2011 wataalamu wa Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya walitazama ushuhuda wote ulioletwa mbele yao juu ya teanini na akili. Waliona hautoshi kuonyesha ya kwamba teanini ndiyo inasaidia. Kwa hiyo neno la haki ni hili: iko na kazi kidogo, kwa muda kidogo, na ile ahadi iliyo ku kopo inapita mbali sana ile iliyopimwa.

3. Neno la tatu: «chai ya kijani iliyokamuliwa»

Chai nyeusi na chai ya kijani zinatoka ku mti mmoja, ule ule tunaouona ku mashamba ya chai mu milima ya Kivu. Kwa chai nyeusi, majani yanapondwa na kuachwa yashike hewa mpaka yageuke rangi. Kwa chai ya kijani, yanapashwa moto mbio ili yasigeuke. Hiyo ndiyo tofauti.

Kuikunywa ku kikombe ni salama kwa watu wengi. Lakini ndani ya jeluli wanakamua vitu vya jani wanaviweka pamoja kwa wingi. Kimoja cha vitu vile, kinachoitwa EGCG, kikifika miligrama 800 kwa siku kwa njia ya vidonge, kinaweza kuonyesha dalili ya kuumiza ini. Wataalamu wale wa Ulaya waliandika hivyo mwaka 2018. Kopo langu halikusema hata kidogo EGCG ilikuwa ngapi.

4. Neno la nne: «ya asili»

Ndilo neno lililotudanganya, mimi na yule mdogo. Tulifikiri: kitu cha shamba hakiwezi kuua mtu.

Lakini sisi watu wa Kivu tungepaswa kujua zaidi. Kinini ya malaria ilitoka ku ganda la mti, na mti ule unapandwa huku kwetu. Ikipimwa vizuri inaponya. Ikizidi, masikio yanalia, na inaweza kuua. Muhogo mchungu ni wa asili, lakini mama zetu wanaulowesha ku maji siku nyingi mbele ya kuusaga, sababu wanajua sumu yake. Tumbako nayo ni jani. Asili haisemi kitu juu ya salama. Kinachosema ni kipimo.

Na kwa kipimo, jani na jeluli haviko sawa. Hakuna mtu atakunywa vikombe kumi vya chai mara moja: tumbo litakataa, na atabaki anakimbia ku choo. Lakini jeluli kumi zinapita kooni kwa maji kidogo tu. Jani liko na kizuizi chake lenyewe. Jeluli imeondoa kizuizi.

Sasa vipimo. Wataalamu wa Ulaya waliandika mwaka 2015 ya kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kukamata mpaka miligrama 400 za kafeini kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mara moja. Mwenye mimba asipite 200 kwa siku nzima. Kwa watoto na vijana walipendekeza miligrama 3 kwa kila kilo ya mwili. Kamateni kalamu:

– Mwanafunzi wa kilo 45: 3 × 45 = 135.
– Mwanafunzi wa kilo 50: 3 × 50 = 150.
– Mimi mwenyewe, kilo 60: 3 × 60 = 180.

Mnaona? Jeluli moja, yenye 200, ilipita kipimo changu mimi mkubwa. Na yule mdogo, ambaye hapiti kilo 45, alimeza mbili, ni 400, akaongeza kikombe cha kawa ya nguvu, tuseme 100. Jumla 500. Ni karibu mara nne ya kipimo chake. Nilipomaliza hesabu ile niliweka kalamu chini. Nilikuwa ninajua kuzidisha tangu shule ya msingi, lakini sikuzidisha mbele ya kumpatia.

Ofisi ya serikali ya Marekani inayoangalia chakula na dawa imeonya ya kwamba karibu miligrama 1200 zikimezwa kwa haraka zinaweza kuleta degedege. Kafeini ya unga mtupu ni ya hatari zaidi, sababu kijiko kimoja kidogo kinapita kiasi kile. Mtu asicheze nayo hata siku moja.

Dalili za kuzidisha ni hizi: moyo kukimbia au kuruka, mikono kutetemeka, tumbo kuvurugika, kutapika, wasiwasi mwingi bila sababu. Ukiona hivyo kwa mwenzako, usimwambie «vumilia, itapita». Umwamshe mkubwa, umpeleke kwa waganga, na useme wazi alimeza nini na ngapi. Ukificha kopo, mganga atafanya kazi ndani ya giza.

5. Neno la tano: «nguvu»

Tufike sasa ku neno kubwa, lile lililofanya nitoe pesa. Mwili unapata nguvu ku chakula: bugali, maharagi, viazi, mafuta, sukari. Kafeini haina nguvu ya namna ile hata kidogo. Sukari unayotia ndani ya chai yako iko na nguvu kupita chai yenyewe. Kama umeshinda njaa na umemeza jeluli, unapiga fimbo punda asiyekula.

Kwa wenye kukunywa chai pamoja na chakula, kuna jambo lingine la kuangalia, zaidi kwa dada zetu. Chai inashika madini ya chuma iliyo ndani ya sombe, lengalenga na maharagi, inaizuia kuingia ndani ya damu. Na wasichana wanapoteza damu kila mwezi. Anayekosa damu anachoka; akichoka anakunywa chai; chai inazidi kumzuilia chuma. Dawa yake haina bei: ngoja saa moja hivi kiisha kula, ndipo ukunywe chai yako.

Na zile nguvu za akili? Hapa nitawapa jaribio la zamani, sababu lilifanywa na wanafunzi kama sisi. Mwaka 1924 huko Marekani, ku chuo kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri kwa moyo. Mara zingine walilala kiisha kujifunza, mara zingine walikaa macho. Kiisha masaa nane ya usingizi, walikumbuka zaidi ya nusu. Kiisha masaa nane ya kukaa macho, walikumbuka karibu kimoja tu kwa kumi. Wanafunzi wawili ni wachache, lakini majaribio mengi yaliyofuata yamekuja kuonyesha ya kwamba wakati wa usingizi ubongo unapanga na kukaza yale uliyojifunza mchana.

Hii ndiyo iliyonipata. Usiku mbele ya interro ya kemia nilisoma mpaka saa tisa kwa nguvu ya jeluli. Nilipita kurasa nyingi kuliko wenzangu wote. Asubuhi niliandika jina langu vizuri, nikaandika tarehe, kiisha nikabaki ninatazama karatasi. Nilijua hata fasi ya ukurasa ambapo jibu liliandikwa, upande wa kushoto, chini ya mchoro. Lakini jibu lenyewe halikuja. Nilipata pointi 7 kwa 20. Nilikuwa nimekusanya mahindi usiku kucha, nikanyima mwili wakati wa kuyatia ku ghala.

Tufanye nini basi?

Sisemi chai ni mbaya. Ningali ninaikunywa, na ninaipenda. Kwa wanafunzi wenzangu, zaidi wale wa sixième wanaongojea Exetat, nitasema hivi:

a) Kikombe kimoja au viwili vya chai, asubuhi ao mchana, si vibaya kwa kijana mwenye afya. Kiisha saa tisa ya mchana, uache.

b) Usimeze jeluli ao unga wa kafeini, ikiwa imeandikwa «théine», «guaranine» ao jina lingine. Guaranini nayo ni kafeini ile ile.

c) Usimpatie mwenzako kitu ambacho wewe mwenyewe hujasoma maana yake. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kifafa, mwenye kukamata dawa za mganga, hawezi kukuonyesha hiyo ku uso.

d) Usingizi ukikukamata juu ya kitabu saa kumi ya mchana, lala dakika ishirini, kiisha unawe uso uendelee.

e) Vijana wa miaka 14 mpaka 17 wanahitaji masaa 8 mpaka 10 ya usingizi. Kama kengele inalia saa kumi na moja na nusu, yule anayezima taa saa tatu na nusu anapata masaa yake nane. Si mvivu.

f) Anza kusoma leo. Nusu saa kila jioni kwa majuma sita inapita usiku tatu bila kulala.

Kwa walimu wetu na viongozi wa internati ninaomba jambo moja kwa heshima. Interro zinapowekwa tatu ku siku moja, wanafunzi wanatafuta dawa ya usiku. Mkiweza kuzigawanya mbele ya wakati, wengi watalala bila kulazimishwa.

Lile kopo nilimwonyesha mwalimu, kiisha tukamwaga jeluli zilizobaki ndani ya shimo la choo mbele ya yule mdogo. Kopo tupu lingali ku maabara ya biolojia. Anayetaka kusoma yale maandiko aende ayaone. Yule mdogo sasa yuko darasa la nne. Juzi alinikuta ninakunywa chai ku mlango wa jiko, akaniuliza kwa kucheka: «Yaya, iko miligrama ngapi?» Nilimjibu: «Arobaini hivi.» Akatazama jua, akaona bado ni asubuhi, akasema: «Sawa. Kunywa.»

Mwanafunzi wa darasa la sita, biolojia-kemia